Noah ya zamani au Toyota 86? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanunuzi wa Mwanza

Ukurasa huu ni wa mtu anayeishi Mwanza au popote kando ya ziwa, ana hela ya gari moja, na moyo wake umegawanyika. Upande mmoja kuna Toyota Noah ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa kati ya 1996 na 2001, gari ya familia ambayo kila mtaa unaijua. Upande wa pili kuna Toyota 86, gari ya michezo yenye milango miwili iliyotoka Japan mwaka 2012 na kuendelea hadi 2021. Maswali ni yale yanayoletwa gereji na wateja. Majibu ni ya fundi, kwa hiyo usishangae yakielemea chini ya gari kuliko kwenye rangi.

Hizi gari zinalinganishwaje wakati hazifanani hata kidogo?

Zinalinganishwa kwa sababu bajeti ni moja. Mtu anakuja na hela aliyoipata kwenye mavuno ya mpunga au kwenye mgao wa biashara ya samaki, mke anataka Noah, yeye ameona 86 nyekundu mtandaoni. Hapo hakuna wa kumwambia kwamba gari hizi ni za makundi mawili tofauti. Anachotaka kujua ni ipi itamtesa kidogo.

Na zinafanana kuliko unavyodhani. Zote ni Toyota kwa jina, Noah ya petroli na 86 zote zina injini ya cc 1998, na Noah ya SR40 inasukumwa na magurudumu ya nyuma kama 86. (SR50 ni ile ya fowili.)

Nguvu zake zikoje?

Noah ina injini ya 3S-FE yenye nguvu za farasi 130. 86 ina FA20 yenye farasi 200, ndani ya gari ya kilo kama 1,200 hivi, nyepesi kuliko Noah. Kwenye mlima wa Bugando Noah yenye abiria saba utaisikia ikihema, 86 haitakuwa na habari.

Ila FA20 inatoa nguvu yake kamili ikizunguka kwa kasi sana, mizunguko 7,000 kwa dakika. Kwenye foleni ya Mkuyuni saa kumi na mbili jioni hufiki huko hata siku moja.

Ipi inakula mafuta zaidi?

Hapa wengi hukosea. Noah ndiyo inayokula zaidi. Wenye nazo wengi hupata kilomita 8 hadi 9 kwa lita wakizunguka mjini, na chini ya hapo kama plagi zimechoka au tairi hazina upepo. 86 inayoendeshwa na mtu mtulivu inaweza kupita kilomita 10 kwa lita. Mtu asiyekuwa mtulivu, na wanunuzi wengi wa 86 si watulivu, atapata namba anayostahili.

Hesabu inageuka ukihesabu vichwa. Noah ya kilomita 8 kwa lita ikibeba watu saba, kila lita imesafirisha watu wote hao kwa mkupuo mmoja. 86 yenye watu wawili haifikii hata nusu ya kazi hiyo. Kama safari zako ni za peke yako kwenda kazini na kurudi, hesabu ya vichwa haikuhusu.

Jambo lingine: Wajapani walitengeneza injini ya 86 kwa petroli ya okteni ya juu, na mgandamizo wake ni mkubwa, 12.5 kwa 1. Vituo vyetu vingi vina petroli ya aina moja tu, unajaza iliyopo. Injini itajirekebisha yenyewe, lakini ikianza kugonga ukikanyaga mafuta mlimani, punguza mguu, usiendelee kuisukuma. Bei elekezi ya EWURA hutoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Mwanza daima huwa juu ya Dar es Salaam kwa sababu mafuta yanasafirishwa kwa barabara zaidi ya kilomita elfu moja. Kwa hiyo tofauti ya kilomita mbili kwa lita unaihisi zaidi huku kuliko wenzetu wa Pwani.

86 inapita barabara za Mwanza?

Lami inapita zote. Kenyatta, barabara ya Airport, Nyerere hadi Igoma na Kisesa, huko hakuna shida zaidi ya matuta. Tatizo la Mwanza halijawahi kuwa lami. Ni ule mwendo kutoka lami hadi mlangoni kwako.

Tumejenga juu ya mawe. Ukikaa Isamilo ya juu, Bwiru, Nyasaka, Kiseke au kule mlimani Mabatini, njia ya kwenda kwako huenda ina jiwe lililochomoza katikati, mfereji uliochimbwa na mvua ukikata njia mshazari, na kalavati ambalo jirani alilijenga kwa kipimo chake. Mvua za masika zikipita, Machi hadi Mei, njia uliyoizoea inakuwa nyingine.

Chini ya 86 kuna nafasi ya sentimita 13 tu, gari ikiwa tupu. Kuna kipimo ambacho humpa kila anayeniuliza: chukua tofali la inchi tano, lilaze kwa upana wake ili kimo chake kiwe hizo inchi tano, kisha tembea nalo kwa miguu kutoka lami hadi getini kwako. Kila penye jiwe au tuta, liweke pembeni ulinganishe. Kila kitu kinacholizidi tofali kimo, na hakiwezi kukwepwa kwa tairi, kitagusa gari. Ukipanda wewe na mwenzako, gari inashuka tena kidogo. Jamaa mmoja wa Kiseke alifanya zoezi hili akiwa na mtoto wake wa darasa la tano akiandika kwenye daftari. Walifika nyumbani na orodha ndefu, na siku ya tatu alikuja kuulizia Noah.

Usitazame katikati tu. Mdomo wa mbele wa 86 ni mrefu na uko chini, kwa hiyo hata njia isiyo na mawe, kama inaanza kwa mwinuko wa ghafla kutoka lami, bampa litafika kabla ya tairi. Geti nyingi za hapa mjini zina ule mwinuko wa zege. Ipande mshazari, tairi moja kwanza.

Si nitaweka spesa niinyanyue?

Utaweza. Mafundi wanaweka kila siku, kwenye Noah na kwenye gari ndogo. Kwa 86 mimi sipendi. Gari ile ilitengenezwa injini ikae chini kabisa, silinda zikiwa zimelala kulia na kushoto, ili ikate kona bila kuyumba. Ukiinyanyua umelipia gari ya michezo ukabaki na gari ya kawaida yenye viti viwili vya mbele na kabenchi nyuma. Ekseli nazo zinafanya kazi kwa pembe ambayo hazikupangiwa, buti zake zinachanika mapema.

Na kwenye kivuko?

Kwenda Sengerema na Geita sasa hivi hakuna shida, tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 unavuka ziwa kwenye lami bila kusubiri mtu. Kilomita 3 hivi za daraja, na ni moja ya sehemu chache huku ambako mwenye 86 anaona raha bila kuhofia tumbo la gari.

Ukerewe bado ni kivuko, iwe unapitia Kisorya au unapandia hapa mjini. Kamanga pia. Ile rampu ya chuma ya kivuko inapokutana na ufukwe inatengeneza pembe, na pembe hiyo hubadilika kadiri maji ya ziwa yanavyopanda na kushuka. Noah inapanda bila kuuliza. 86 mwombe mhudumu aweke ubao, na umpe soda.

Watoto watakaa wapi kwenye 86?

Nyuma kuna viti viwili kwa maelezo ya kiwanda. Mtoto wa miaka saba atakaa. Mtu mzima atakaa kama dereva ni mfupi na safari ni ya kutoka Nyegezi hadi Butimba. Kila anayekwenda nyuma lazima kiti cha mbele kikunjwe, kwa hiyo fikiria asubuhi ya mvua, mabegi mawili ya shule, na mtoto mmoja ambaye hataki kuingia.

Noah ina viti vinane, nyingine saba, na mlango mkubwa wa kusukuma pembeni. Mama mkwe anaingia akiwa amevaa khanga yake bila kuinama. Hilo peke yake limeamua ununuzi kwenye nyumba zaidi ya moja ninazozijua.

Mizigo je?

Noah: kunja viti vya nyuma pembeni, magunia ya mchele kutoka Magu yanaingia, mitungi ya gesi, madumu, godoro, na jeneza nalo limewahi kuingia, Mungu atusamehe. Ukibeba dagaa au sangara wabichi kutoka Mwaloni, tandika turubai mpaka ukutani na ufungue madirisha. Maji ya samaki yakipenya chini ya zulia harufu haitoki kwa kuosha, lazima zulia ling'olewe lianikwe.

86: begi la safari na mboga za nyumbani. Kiti cha nyuma kinakunjwa kikalala na ukapata nafasi ya tairi nne, walivyopanga wenyewe ili mtu aende nazo uwanja wa mashindano. Na angalia kitu kimoja kabla hujalipa: nyingi zilizotoka Japan hazina tairi la akiba, zina chupa ya dawa ya kuziba pancha. Dawa hiyo inaziba tundu la msumari. Tairi likipasuliwa ubavuni na jiwe haisaidii kitu, na tairi za 86 zina ubavu mwembamba, saizi 215/45 R17.

Spea zinapatikana?

3S-FE ya Noah ndiyo ile ile iliyokuwa kwenye RAV4 za mwanzo, Ipsum, Caldina na ndugu zao wengine wengi. Utapata spea mpya, utapata za mtumba, utapata na fundi wa kuifungua macho yakiwa yamefumbwa. Bushi, shokapu, tairodi, vyote viko madukani hapa hapa mjini, na bei unapatana.

86 ni habari nyingine. Injini yake imetengenezwa na Subaru, na gari yenyewe iliunganishwa kwenye kiwanda cha Subaru huko Gunma. Ukienda dukani ukasema "Toyota" utapewa kitu kisichoingia. Taja namba ya chesisi, na mara nyingi utaambiwa subiri iagizwe Dar es Salaam au Dubai. Plagi zake ziko ubavuni, kulia na kushoto, chini, na kuzifikia kunahitaji kutoa vitu kadhaa na mkono mwembamba. Fundi atakayekuambia bei ya kubadili plagi ya Noah kwa kazi ya 86 hajawahi kuigusa. Oili ni nyepesi, 0W-20, usikubali ile nzito ya dumu eti "joto la huku linaitaka".

Nasikia 86 za mwanzo zina ugonjwa wa injini. Kweli?

Kweli, na ni jambo la kuuliza kabla ya kulipa hata senti. Mwaka 2018 Toyota na Subaru waliziita zirudi kutengenezwa gari za miaka ya mwanzo, za 2012 na 2013, kwa sababu springi za valvu zingeweza kukatika na injini kuzimika ikiwa njiani. Kuzibadilisha ilibidi injini ishushwe na kufunguliwa. Baadhi zilirudi kwa wenyewe zikafa muda si mrefu baada ya matengenezo.

Kwa hiyo chukua namba ya chesisi, ingiza kwenye tovuti ya Toyota ya Japan ya kuangalia gari zilizoitwa, uone kama yako ilihusika na kama ilitengenezwa. Mimi binafsi ningetafuta ya 2014 kwenda mbele na kujiondolea mawazo.

Kuna na ule mlio wa kri-kri unaosikika chini ya boneti gari ikiwa imesimama, kama nyenje amenasa ndani. Hiyo ni pampu ya mafuta ya presha kubwa, na kwenye gari hizi ni kawaida. Asikushushie mtu injini kwa ajili ya mlio huo.

Na Noah ya zamani inaugua nini?

Joto. Injini ya Noah hii iko chini ya viti vya mbele, lakini rejeta iko mbele kabisa kwenye pua. Maji yanasafiri kwenye mabomba marefu kwenda na kurudi, na mabomba hayo sasa yana zaidi ya miaka 20. Bomba likivuja chini huko dereva haoni, anakuja kujua pale mshale wa joto umeshapanda na gasketi ya hedi imeungua.

Ukaguzi wake ni huu. Gari ikiwa baridi, nyanyua kiti cha dereva na cha abiria, fungua mfuniko. Tazama juu ya injini na pembeni mwa bloku: kutu nyekundu iliyokauka kama mstari maana yake maji yamewahi kutoka hapo. Vuta kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, rudisha kijiti, shukuru, ondoka. Kisha mwombe muuzaji aiwashe iache iungurume nusu saa kwenye kivuli, feni ifanye kazi na izime mbele ya macho yako. Muuzaji anayekuambia ana haraka, mwache na haraka yake.

Belti ya taiming hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama hakuna kumbukumbu, hesabu kwamba haijabadilishwa. Habari njema ni kwamba 3S-FE belti ikikatika kwa kawaida valvu hazigongani na pistoni, gari inazima tu, unavutwa gereji.

Mlango wa kusukuma ukianza kuruka ruka ni roli zake zimeisha. Kitu kidogo, lakini wasiposhughulikia mlango huishia kufungwa kwa kamba.

Hewa ya ziwa inaozesha bodi?

Hapana, si kama watu wanavyosema. Ziwa Victoria ni maji baridi yasiyo na chumvi. Hewa ya chumvi ni shida ya Tanga na Dar es Salaam. Noah iliyooza chini mara nyingi imekuja imeoza tangu Japan, hasa zile zilizotumika mikoa ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi. Ingia chini ya gari na tochi, usitazame milango tu.

Kodi ikoje nikiagiza mwenyewe?

Ushuru wa forodha asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya kati ya cc 1000 na 2000, kisha VAT asilimia 18, na tozo nyingine ndogo. Hapo gari zote mbili zinalingana. Kinachouma ni uchakavu: gari yenye miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15, na iliyozidi miaka 10 asilimia 30. Kwa gari iliyozidi miaka 10 jumla ya kodi hukaribia thamani yenyewe ya gari. Na thamani inayotumika ni ile ya TRA, si ya risiti yako. Viwango hubadilika na bajeti ya kila Juni, kwa hiyo pitia kikokotoo cha TRA siku unayoagiza.

Wengi husahau kwamba 86 ya 2012 nayo ni kuukuu mbele ya forodha. Inang'aa, lakini imeshapita miaka 10.

Noah hizi hazifai kuagizwa tena, nunua iliyoko nchini, namba B, C au D. Kenya hawaruhusu gari iliyozidi miaka 8, Uganda miaka 15. Huku kwetu umri haukatazwi, unalipiwa tu, na ndiyo maana Noah zimejaa upande huu wa ziwa.

Noah inaweza kunirudishia hela kwa kubeba abiria?

Inaweza, lakini kihalali. Unahitaji leseni ya LATRA, namba nyeupe badala ya njano, na bima ya biashara. Bima ya gari binafsi haitamlipa abiria uliyemtoza nauli. Wanaobeba kwa kuiba wanajua saa za askari, hadi siku ambayo askari naye anabadilisha saa.

Ipi ni salama zaidi?

86, bila ubishi. Ina mifuko ya hewa mingi, ina mfumo wa kuzuia gari isiteleze, na mwaka 2012 ilipata nyota 5 kwenye majaribio ya ANCAP ya Australia. Noah ni gari ya miaka ya 1990. Dereva yuko karibu sana na pua ya gari, na kimo chake hakipendi kona za ghafla, hasa ikiwa na mzigo juu ya paa. Ukiichagua, funga mikanda yote hadi ya kiti cha mwisho. Kama imekatwa, na mingi imekatwa, rudishia kabla ya kununua redio.

Kasi ya 86 nitaitumia wapi?

Kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na kutoka Kisesa hadi Lamadi makazi yamefuatana. Ukipigwa tochi ni shilingi 30,000 kwa kosa. Raha ya 86 ni kona. Ile njia ya kuzunguka Capri Point asubuhi ya Jumapili, kwa mwendo halali kabisa, inatosha kukueleza kwa nini watu wanaipenda.

Ipi inauzika upesi?

Noah. Ukiwa na shida Jumatatu, Alhamisi umeshalipwa. 86 inasubiri mtu wake, na wengi wanaokuja wanataka kupiga picha.

Hakuna gari ya katikati?

Ipsum ya 2001 kuendelea, viti saba na injini ya cc 2400, ina nguvu na iko chini kuliko Noah lakini si kama 86. Toyota Wish ndiyo inayokula mafuta kidogo kuliko zote hizi. Hazitamfurahisha aliyeota 86, ila familia itaenea.

Nikinunua 86 nyeupe naweza kuipaka nyekundu?

Unaweza, lakini rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari. Peleka taarifa TRA kadi ibadilishwe kabla hujaanza kuizungusha mjini.